Kosa la Nani? Mjadala wa “mistake”, “error” na “fault” mjini Lubumbashi

Hoja ni hii: mwanafunzi wa Lubumbashi anayejifunza Kiingereza afundishwe kutofautisha “mistake”, “error” na “fault”, au huko ni kumsumbua bure?

Kwingineko swali hili lingebaki la kamusi. Hapa lina uzito wake. Mtoto wa mitaa ya Katuba au Ruashi huongea Kiswahili cha mjini nyumbani na barabarani, husomeshwa kwa Kifaransa, na Kiingereza humkuta sekondari, baada ya lugha ya wazazi, iwe Kiluba, Kibemba au nyingine. Kiingereza chenyewe hakiko mbali. Kutoka katikati ya mji hadi mpaka wa Kasumbalesa ni chini ya kilomita mia moja, na ng'ambo yake ni Zambia. Malori ya shaba na kobalti hupita hapo kuelekea Durban na Dar es Salaam, yamebeba makaratasi yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Tangu 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo sehemu kubwa ya maandishi yake ni ya Kiingereza pia.

Nimewaketisha watu wanne: mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, wakili (Maître), fundi wa umeme wa mgodini, na mama anayefanya biashara ya kuvuka mpaka. Watu hao nimewatunga. Sheria, vitabu na tarehe wanazozitaja ni za kweli.

MWALIMU: Mimi natoka na daftari, kaye ya mwanafunzi. Ameandika sentensi tatu za Kiingereza. Ya kwanza: “I have sixteen years.” Ya pili: “I did many mistakes.” Ya tatu: “The referee whistled a fault.” Naweza kuchukua biki nyekundu, nikakata zote tatu, nikampa sifuri nikaenda zangu. Lakini zitazameni. Ya kwanza ni Kifaransa na Kiswahili vikishauriana: huku “j'ai seize ans”, huku nina miaka kumi na sita. Lugha mbili alizokulia zinamwambia miaka ni kitu unachokuwa nacho. Atajuaje kwamba Kiingereza kinakataa? Ya pili, sisi tunafanya kosa, Wafaransa nao wanafanya “faute”. Kiingereza kina vitenzi viwili vya kufanya, na “mistake” inakubali kimoja tu, “make”. Ya tatu imetoka uwanjani, Kamalondo. Refa akipuliza kipyenga, kwa Kifaransa amepuliza “faute”. Mtoto mshabiki wa timu ya Mazembe ameitafsiri, akapata “fault”. Kiingereza cha mpira ni “foul”.

MAMA: Na mtangazaji wa Tanzania husema mchezaji amefanyiwa madhambi. Neno la kanisani na msikitini, wamelipeleka mpirani!

MWALIMU: Ndivyo, Mama. Kila lugha imegawa makosa kwa namna yake, na mtoto wetu amesimama katikati ya migawanyo mitatu. Kwa hiyo naiunga mkono hoja. Asipofundishwa migawanyo hiyo, atabaki anabahatisha.

MAÎTRE: Mwalimu, umelitazama jambo kwa macho ya darasani. Mimi nitawaonyesha fedha. Sheria yetu ya mikataba na madeni ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na kifungu chake cha 258 kila wakili wa nchi hii anakijua kwa moyo: tendo lolote la mtu linalomletea mwingine hasara humlazimu kulipa yule ambaye hasara imetokea kwa “faute” yake. Hiyo “faute” ndiyo mzazi wa “fault” ya Waingereza. Waliichukua kwa Wafaransa karne nyingi zilizopita. Ndani yake kuna mtu, kuna lawama, na nyuma ya lawama kuna malipo. “Erreur” ni habari nyingine kabisa. Katika sheria hiyo hiyo, erreur ni dosari ya ridhaa: nimetia sahihi nikidhani nanunua kiwanja hiki, kumbe ni kile. Sijamdhulumu mtu. Kinachoulizwa ni kama mkataba wenyewe unasimama.

FUNDI: Kwa hiyo na wewe unaunga mkono.

MAÎTRE: Ngoja kwanza, Papa Fundi. Naunga mkono kwa watu wachache: wanaoandika mikataba, wanaojibu barua za wateja. Karani wa kampuni ya usafirishaji akiandika “it was our fault” badala ya “there was an error”, amekiri kabla wakili wake hajafungua faili. Huyo afundishwe. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne, mwenye lugha tatu kichwani na kitabu kimoja kwa dawati zima? Mpe neno moja, “mistake”. Mengine atayakuta mbele ya safari.

MAMA: Maître, mbele ya safari ndipo mimi nilipo! Kiingereza changu sikukipata ku masomo, nimekipata Chililabombwe na Kitwe, huko Zambia, katikati ya magunia. Na nakuambia, muuzaji akinipa chenji pungufu kisha akasema “sorry, my mistake”, anarudisha kwacha zangu, tunacheka, tunaendelea. Mzigo ukiharibika na mtu akasema “it's my fault”, hapo natega sikio, maana huyo amekubali kubeba. Hakuna aliyenifundisha. Nilijua kwa sababu Kiswahili chetu kinajua.

MAÎTRE: Kinajua wapi? Sisi tuna kosa. Mtoto akivunja sahani, kosa. Hesabu ikiharibika, kosa. Mtu akimwibia jirani, kosa.

MAMA: Wewe unatafuta kwenye majina. Tafuta kwenye vitenzi. Nikisema nimekosea, nimekosea hesabu, nimekosea njia, nimekosea mlango wa mtu, tunasahihisha, yamekwisha. Nikisema nimekukosea, hapo umeingia wewe. Sasa lazima nije kwako, niombe radhi, na kama kuna cha kulipa nilipe. Tukikoseana tukanyamaza, tumekosana, na wazee wataitwa. Silabi moja katikati ya neno, na kesi imehama kutoka kwenye kalamu imekwenda barazani.

MWALIMU: Mama ametoa somo ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha Kiingereza tunachokitumia. Vitabu hutoa orodha: “mistake” ni hivi, “error” ni vile. Mtoto anakariri orodha bila kujua kwamba mlango wa kuingilia anao tayari.

FUNDI: Niruhusuni niingie, maana mpaka sasa mnaongea kana kwamba nyuma ya kila kosa kuna mtu. Kazini kwangu kuna “error” ambayo haina mwenyewe. Mita ya umeme ya daraja la 0.5 imeandikwa hivyo kwenye kibati chake: inaruhusiwa kupotoka hadi nusu ya asilimia. Waingereza huita upotokaji huo “error”. Hakuna aliyekosea, hakuna wa kuadhibiwa; ndivyo vipimo vilivyo, na mtengenezaji amekutangazia mapema. Halafu kuna “fault”: waya umechubuka, umeme umegusa ardhi, kinga imekata, taa nyekundu inawaka. Hiyo ni hitilafu, na hitilafu haiombi msamaha, inatafutwa na kutengenezwa. Maître akisikia “fault” anatafuta wa kumlipisha. Mimi natafuta waya.

MAÎTRE: Na waya ulichubuliwa na nani?

FUNDI: Hilo swali linakuja baada ya umeme kurudi! Tena kuna wenzetu wa jiolojia, mgodi ule ule. Kwao “fault” ni mpasuko wa miamba, upande mmoja umeshuka, mwingine umepanda, na tabaka la shaba ulilokuwa unalifuata limekatika ghafla. Kifaransa huita “faille”. Mfasiri asiyelijua hilo ataandika “faute”, na ripoti itasema mwamba una hatia.

MAMA: (anacheka) Mwamba ulipe!

FUNDI: Mnacheka, lakini sasa nafika penye damu. Katika mafunzo ya usalama tunafundishwa mgawanyo wa James Reason, mwanasaikolojia Mwingereza, ulioko katika kitabu chake *Human Error* cha 1990. Kuna kuteleza: nilikusudia kuzima swichi namba 4, mkono ukaenda namba 5. Kuna kupitiwa: hatua moja nimeisahau. Kuna “mistake”: mkono umefanya sawasawa kila nilichopanga, ila mpango wenyewe ulikuwa mbovu, nilidhani laini imekatwa, nikafuata hatua zote kwa uangalifu mkubwa, kumbe ina moto. Mwisho kuna ukiukaji: sheria naijua, nimeiruka makusudi. Kwetu “mistake” ndiyo ya kutisha, kwa sababu anayeifanya hana wasiwasi wowote.

MWALIMU: Hapo tunapishana kabisa, Papa Fundi. Sisi walimu wa lugha tunamfuata S. Pit Corder, aliyeandika makala yake maarufu kuhusu makosa ya wanafunzi mwaka 1967. Kwake “mistake” ndiyo nyepesi. Mwanafunzi kanuni anaijua, amechoka au ana haraka, kalamu imeteleza. Mwambie asome tena, atasahihisha mwenyewe. Zito ni “error”: mwanafunzi amejijengea kanuni kichwani, na anaifuata kwa uaminifu. Huyo wa “I have sixteen years” msomeshe tena mara kumi, ataona sentensi iko salama.

MAÎTRE: Nilikuwa nangoja hapo! Mmesikia wenyewe. Neno lile lile, “mistake”, kwa Mwalimu ni utelezi wa kalamu, kwa Fundi ni mpango mbovu unaoua. Wataalamu wawili, lugha moja, maana zimepeana mgongo. Ikiwa wenye Kiingereza hawajakubaliana, mnamtwisha nini mtoto wa Katuba?

Hapa mjadala ungeweza kufungwa, na Maître angeondoka na ushindi. Lakini hoja yake ina ufa, na Fundi ndiye aliyeuona.

FUNDI: Maître, ondoa majina, tazama yaliyobaki. Corder anauliza: je, kichwa kinajua na mkono umeteleza, au kichwa chenyewe kimepotoka? Reason anauliza swali hilo hilo. Wamebadilishana vibandiko tu. Na swali ni la lazima, kwa sababu dawa hazifanani. Mtu aliyezima namba 5 badala ya namba 4, usimpeleke darasani, anajua. Zitenganishe swichi, zipake rangi tofauti, mpunguzie saa za usiku. Aliyedhani laini haina moto, hata ukipaka rangi zote hutamsaidia. Mfundishe kupima kabla ya kugusa. Ukiwachanganya hao wawili ukawapa onyo la barua wote, umejifurahisha, na ajali iko pale pale inasubiri zamu inayofuata.

MWALIMU: Na darasani vivyo hivyo. Aliyeteleza nimpe dakika tano asome upya. Mwenye kanuni yake nimwonyeshe kanuni ilikotoka na mahali inapokomea. Biki nyekundu haifanyi kazi hata moja kati ya hizo mbili.

MAMA: Basi nijibuni na mimi. Pale Kasumbalesa nakutana na madereva wa Dar es Salaam. Nikisema “Batoto banaendaka ku masomo”, wanacheka. Wananiambia nimekosea, niseme “Watoto huenda shuleni.” Hiyo yangu ni ipi? Nimeteleza? Nimejijengea kanuni mbovu? Au nimemkosea mtu?

MWALIMU: Hata moja, Mama. Hukuteleza, kwa sababu kesho utasema vile vile, na jirani yako pia, na mji mzima. Wala hukujenga kanuni yako peke yako ukiwa njiani kwenda kwenye Kiswahili cha Dar es Salaam. Hukuwa unaenda huko. Watu wakiwa wengi unasema ba-: batoto, batu, bamama. Jambo likiwa la kila siku unalitia -ka mwishoni: banaendaka, banasemaka. Mahali unapaanzishia na ku au mu. Hizo ni kanuni, na zimeandikwa. Edgar Polomé alichapisha makala kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968. Mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa wakatoa kitabu kizima, sarufi, matini na msamiati. Makosa hayaandikiwi sarufi.

MAÎTRE: Taratibu, Mwalimu. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Siku tutakapotaka kuandika sheria au mkataba kwa Kiswahili, tutaandika kipi? Mteja wangu wa Dar es Salaam ataelewa “banaendaka”? Bila Kiswahili sanifu hakuna hati.

MWALIMU: Sanifu naipenda, naisoma, naiandika. Nasema tu isijifanye imeshuka kutoka mbinguni. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wake katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia katika makoloni ya Mwingereza. Katanga yetu ilikuwa chini ya Mbelgiji. Mji huu ulianza 1910, reli ilipofika kutoka kusini, ukajazwa watu wa kila kabila waliokuja kwa kazi za kampuni ya migodi, Union Minière. Walijenga lugha ya kuelewana kazini na mitaani. Misheni nazo zilifundisha “Kiswahili bora” chao, ambacho mitaani hakuna aliyekiongea. Mtu wa hapa hakukosea sanifu, hakupewa.

Tena kuna ushahidi wa karatasi. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu, historia ya mji huu, ulioitwa Elisabethville wakati wa ukoloni, kwa Kiswahili cha mji huu: *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Ilipigwa taipu. Maneno yameungana pasipopasa, yamekatika pasipopasa, tahajia inabadilika mstari hadi mstari. Msomaji wa sanifu angeirudisha yote kwa mwandishi. Johannes Fabian, aliyeichapisha na kuitafsiri mwaka 1990, alihitaji msaada wa Kalundi Mango, aliyeisoma kwa sauti; ikisikika, maana inajipanga. Kilichoonekana kosa kwenye karatasi kilikuwa sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameipa tahajia.

FUNDI: Hapo sasa mimi naenda upande wa Maître. Habari ya Yav ni nzuri, lakini kwenye daftari langu la zamu sitaki maandishi ya kusomewa kwa sauti. Nataka neno moja, tahajia moja, kila siku. Mtu wa usiku akiandika vyake na wa asubuhi akasoma vyake, mtu anakufa. Sanifu ni kinga, kama fyuzi.

MWALIMU: Na sikukatalii. Kwa daftari la zamu, kukiuka tahajia iliyokubaliwa ni kosa. Kwa Mama anayeongea Kasumbalesa, hakuna aliyekubaliana naye lolote. Hata Kiingereza unachokiogopa, Maître, kimepita humo. “Fault” zamani iliandikwa bila L, kama “faute”. Wasomi wakaitia L ili ifanane na Kilatini. Kwa muda mrefu watu waliiandika bila kuitamka. Leo asiyeitamka ndiye anayesahihishwa.

MAÎTRE: Mwalimu, umeshinda historia. Mimi nabaki na mtihani. Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu. Mashine haiulizi kama mtoto ameteleza au amejenga kanuni, inahesabu tu.

Naamua hapa, kwa sababu mjadala usio na hukumu humwacha msomaji njia panda.

Maître yuko sahihi kuhusu mtihani, lakini mtihani ni wa siku chache, na sekondari ni ya miaka sita. Kinachojengwa katika miaka hiyo ndicho mtoto atakachopeleka Kasumbalesa, mgodini na ofisini. Hoja ipite, kwa sharti moja: maneno haya yasifundishwe kwa orodha ya maana. Corder na Reason wametuonyesha kwamba majina hubadilishana nafasi; mtoto aliyekariri orodha ataangushwa na kitabu kitakachofuata. Afundishwe kuuliza: baada ya jambo hili, kinatakiwa nini? Kikitakiwa kusahihishwa tu, “mistake” inatosha, na Kiswahili kinasema nimekosea. Jambo likiwa ni kupotoka kwa kipimo au kwa kanuni, bila kumtafuta mtu, “error” inafaa. Kikitakiwa kutengenezwa au kulipwa, “fault” iko karibu, na muktadha utasema kama ni waya, mwamba au mtu. Akiwa mtu, tumerudi kwenye nimekukosea. Mtoto wa Lubumbashi anayatenganisha mambo haya kila siku kwa vitenzi vyake, na Kiingereza kinamwomba ayape majina tu.

Sharti hilo linamgusa mwalimu kabla ya mwanafunzi. Biki nyekundu ni moja, na imezoea kupaka kila jambo rangi moja: aliyechoka, aliyejenga kanuni kutoka Kifaransa, na aliyeandika Kiswahili cha nyumbani kwao. Hao wa mwisho ndio wengi hapa, na ndio wanaoumizwa zaidi, kwa sababu wanafundishwa kwamba mama zao wamekosea maisha yao yote. Neno hitilafu limetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni tofauti, na kamusi zetu bado zinaibeba maana hiyo. Shule zetu zimebaki na maana ya pili, kasoro, peke yake: kila kisichofanana kimeharibika.

Fundi atapata tahajia moja ya daftari lake la zamu, na Maître atapata sanifu ya mikataba yake. Hayo yanafundishika, na yafundishwe kwa bidii, kama mtu anavyofundishwa lugha ya kazi. Ila mwanafunzi akiandika “Batoto banaendaka ku masomo”, mwalimu aandike pembeni yake sentensi ya sanifu bila kukata ya kwanza. Hesabu ya makosa ianzie kwa yule aliyeambiwa kanuni, akaikubali, kisha akaivunja.